Ngamia Wanaongezeka, Msafara Unakwisha

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu ngamia wapatao milioni 3 nchini Kenya. Ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya milioni 4.6. Kwa msomaji aliye Nairobi, au huku Mabanga na Kitale ambako mali ya watu ni mahindi na ngamia huonekana kwa nadra, takwimu hizo zina tafsiri moja tu: ufugaji wa ngamia umestawi, na kila kinachomtegemea ngamia kimestawi pamoja nao. Tafsiri hiyo haisimami. Katika kipindi hichohicho ambacho idadi ilipanda kwa zaidi ya nusu, kazi ya kale kabisa ya mnyama huyu, kubeba mizigo na watu katika nchi isiyo na maji, imezidi kudhoofika. Pamoja nayo inadhoofika biashara iliyojengwa juu yake: safari ya miguu ya siku kadhaa ambayo mgeni huongozwa na wafugaji wahamaji wa kaskazini, ngamia wakibeba maji, chakula na mahema. Na idadi inayopanda ndiyo inayouficha mdororo huo.

Kosa la kwanza liko katika hesabu yenyewe. Sensa huuliza kaya ina ngamia wangapi. Haiulizi wangapi ni majike wa maziwa, wangapi ni ndama, na wangapi ni madume waliofunzwa kubeba. Ngamia wa mizigo si ngamia yeyote. Ni dume aliyehasiwa, akafundishwa kupiga magoti kwa amri, kukubali matandiko, kutembea akiwa amefungwa kwa kamba nyuma ya mwenzake, na kutotimka fisi wakilia usiku. Huanza kufundishwa akiwa na umri wa miaka minne hivi, na mzigo kamili haubebi mpaka akaribie miaka sita. Akikomaa hubeba kilo 150 hadi 200 na kutembea kilomita 25 hadi 30 kwa siku, siku baada ya siku.

Ujuzi wa kumwandaa haujaandikwa popote kwa namna ambayo mgeni angeweza kuufuata. Miongoni mwa Warendille na Wagabra, matandiko ni mikeka au ngozi zinazowekwa kuzunguka nundu, na juu yake nguzo za mti zilizofungwa mbili mbili. Kamba ikilegea, mzigo huegemea upande mmoja na mnyama hulala chini. Ikikazwa kupita kiasi, nguzo hukwaruza mbavu, kidonda hufanyika, na dume yule hawezi kazi kwa miezi. Mtu aijuaye kazi hii alijifunza utotoni katika fora, yaani kambi za mbali za malisho ambako vijana hukaa na mifugo mbali na nyumba za wazazi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Huko ndiko alikojifunza pia mambo mawili ambayo mtalii hayaoni ingawa uhai wake unayategemea: kisima kipi ni cha nani, na nani aombwe ruhusa kabla ya kunywesha.

Utalii haukubuni lolote kati ya haya. Wavumbuzi Teleki na von Höhnel walipolifikia Ziwa Turkana mwaka 1888, walikuja na wapagazi kutoka pwani, na watu wengi katika msafara ule walikufa njiani. Waliowafuata walijifunza kutumia wanyama wa kaskazini na watu wa kaskazini. Doria za utawala wa kikoloni zilipita huko kwa ngamia. Mwandishi John Hillaby alitembea hadi ziwani akiwa na ngamia, na kitabu chake kikachapishwa 1964. Msafiri Wilfred Thesiger, ambaye alifika ziwani kwa mara ya kwanza 1960, aliishi miaka mingi Maralal na kuzunguka nchi ile kwa miguu pamoja na vijana wa Kisamburu. Mwaka 1990 mji huohuo ukaanzisha mashindano ya kimataifa ya mbio za ngamia. Wote hawa, kuanzia mkuu wa wilaya hadi mtalii wa wiki mbili, walikodi kitu ambacho tayari kilikuwa kimeshalipiwa na mtu mwingine.

Hapa ndipo kilipo kiini cha jambo zima, na inafaa tukae hapo kidogo. Kaya ya Kirendille au ya Kigabra ilifuga madume wa mizigo kwa sababu nyumba yake ilihama. Nguzo za nyumba, mikeka, vyombo vya maziwa, watoto wadogo na wazee wasioweza kutembea vilipandishwa juu ya ngamia mara kadhaa kwa mwaka. Wagabra wana pia safari za ibada za jila, ambazo ukoo mzima huenda na mifugo yake hadi mlima mtakatifu, kama vile Forole ulio mpakani na Ethiopia. Gharama ya kumlisha, kumchunga na kumtibu dume kwa miezi kumi na miwili ilibebwa na mahitaji hayo. Mgeni alilipia siku alizomtumia tu. Bei ya safari ilionekana nafuu kwa sababu sehemu kubwa ya gharama haikuwa ndani yake.

Ondoa mahitaji ya nyumbani, na bei hiyo haiwezekani tena. Mtalii atalazimika kumlipia dume yule mwaka mzima, na miaka mitano au sita ya kumlea kabla hajabeba kitu.

Mahitaji ya nyumbani yameondoka kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na sababu njema. Baada ya ukame wa miaka ya 1970, familia nyingi za Kirendille zilikaa karibu na misheni, visima vya mashine na vituo vya chakula cha msaada: Korr, Kargi, Laisamis, Ngurunit. Nyumba ikaacha kuhama. Mifugo ikaendelea kuhama na vijana wachache. Shule zikaja, na mtoto aliye bwenini hawezi kuwa fora. Kisha barabara. Lami ya Isiolo hadi Moyale, kilomita zipatazo 500, ilikamilika katikati ya muongo uliopita. Maji yaliyobebwa na ngamia sasa hubebwa na bodaboda kwa mitungi, au na lori. Mzee anayetaka kuhamisha mabati yake hatafuti dume aliyehasiwa, anatafuta dereva.

Barabara hiyohiyo ilibadili thamani ya ngamia mwenyewe. Maziwa yanayokamuliwa nje ya Isiolo asubuhi yanaweza kufika Eastleigh, Nairobi, siku ileile. Jike wa ngamia hubeba mimba kwa miezi 13 na huzaa takriban mara moja kila miaka miwili, kwa hiyo kila nafasi ndani ya kundi ina gharama kubwa. Mfugaji anayeuza maziwa anajiuliza swali la kawaida kabisa: kwa nini nimtunze dume miaka sita bila kipato, ilhali mnunuzi wa Moyale atamchukua akiwa bado kijana kwa ajili ya soko la nyama linalopitia Ethiopia hadi Misri? Jibu ni rahisi, na kila mfugaji analitoa peke yake, bila kukusudia kuua chochote. Ndama dume ambaye angekuwa mbebaji wa kesho anauzwa leo. Kundi linakuwa kubwa na lenye maziwa mengi, na ndani yake wabebaji wanakwisha.

Sehemu ya ongezeko lililo kwenye sensa imetokana na jamii zinazohama kutoka ng'ombe kwenda ngamia. Wasamburu na Wapokoti wamefanya hivyo kwa miongo kadhaa, na tangu katikati ya miaka ya 2010 kaunti ya Samburu imegawa ngamia kwa kaya kama kinga ya ukame. Wengi wa wanaotafutwa ni wa aina ya Kisomali, wakubwa na wenye maziwa mengi kuliko wale wadogo, wagumu, wa Kirendille na Kigabra. Ni sera yenye busara kwa lishe ya mtoto. Lakini kaya iliyopokea jike mmoja au wawili kutoka kaunti haikupokea pamoja naye mtu wa kuifundisha kufunga matandiko. Kwa hiyo ngamia wanaenea katika nchi ambako hakuna anayejua kuwabebesha, na wanapungukiwa na kazi katika nchi ambako ujuzi huo ungalipo.

Anayedhani huu ni uvumi wa kinadharia na amtazame punda. Barabara inayotoka Kitale kupitia Kapenguria, Marich na Kainuk inaingia katika nchi ya Waturkana, ambao kwa kawaida humwekea punda mizigo yao na kumwachia ngamia kazi ya maziwa na mahari. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini, ya 2019 ikahesabu chini ya milioni 1.2. Katika muongo huo vichinjio vya punda vilifunguliwa Kenya, kimoja kikiwa Lodwar, ili ngozi zipelekwe China zikachemshwe kuwa dawa. Thamani ya punda aliyekufa ikaizidi thamani ya punda anayefanya kazi, na wezi wakafanya iliyobaki. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo 2020, mahakama ikalegeza marufuku 2021, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukaazimia kuizuia barani kote. Muongo mmoja ulitosha kuondoa theluthi moja ya wanyama wa kazi, bila haja ya ukame. Tofauti ya punda na ngamia ni kwamba punda akipungua sensa inaona. Dume wa mizigo akitoweka, jike wa maziwa huziba nafasi yake kwenye jedwali, na mstari unaendelea kupanda.

Ukame nao ukaongeza uzito. Kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika. Kenya ilipoteza mifugo ipatayo milioni 2.6. Ngamia walistahimili kuliko ng'ombe, na hilo litawavuta watu wengi zaidi kwao. Lakini kila baada ya ukame mfugaji hujenga upya kundi kwa majike kwanza, kwa sababu ndio wanaozaa. Madume wa kazi hurudi mwisho, baada ya miaka ambayo hali ya sasa haiwapi: kulikuwa na ukame mkali 2011, mwingine 2017, na huu wa 2020 hadi 2023. Miaka sita ya kumlea dume haipatikani tena kwa uhakika kati ya maafa mawili.

Usalama ndilo jambo ambalo magazeti hulitaja kwanza, na kwa kawaida hulieleza kijuujuu. Tarehe 10 Novemba 2012 maafisa wa usalama zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi. Bonde hilo liko kwenye njia ya asili ya mtu anayetembea kutoka Maralal kwenda kusini mwa Ziwa Turkana. Mwaka 2017 mashamba ya Laikipia yalivamiwa, watu wakapigwa risasi, na Laikipia ndiko zilikokuwa kampuni nyingi za safari za ngamia. Februari 2023, baada ya polisi kushambuliwa kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar, serikali ilitangaza sehemu za kaunti sita, zikiwemo Turkana, Pokot Magharibi na Samburu, kuwa maeneo ya hatari, na jeshi likapelekwa. Malori ya mahindi yanayotoka huku Kitale yamezoea kusubiri kusindikizwa na polisi.

Wanaoathirika na mashambulizi hayo kwanza ni wafugaji wenyewe, na utalii unafuata baadaye kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya makaratasi. Serikali ya Uingereza au nyingine ikiwaonya raia wake wasiende mahali fulani, bima ya safari kwa kawaida haimlindi tena anayekwenda. Wakala wa London hawezi kuuza safari isiyo na bima, hata kama njia yenyewe haijasikia mlio wa risasi miaka mitano. Ya pili ni ya maji, na hii haiondoki kwa kubadilisha onyo hilo. Tuchukue kundi la watu 12, kila mmoja akihesabiwa lita 6 kwa siku za kunywa na kupikia: ni lita 72. Visima vikiwa mwendo wa siku mbili, lita 144 zinatosha, na ngamia mmoja anazibeba. Kisima cha kati kikigombaniwa na ikabidi kirukwe, mwendo ukawa siku tano, zinahitajika lita 360, nao ni ngamia watatu kwa maji peke yake. Ngamia hao watatu wanahitaji wachungaji, na wachungaji wanahitaji maji. Mgogoro katika kisima kimoja, ambako huenda hakuna mtalii aliyewahi kufika, unaweza kuifanya njia nzima isilipe.

Njia za kaskazini zilifunguliwa na mikataba ya wazee, na bila mikataba hiyo hazifunguki. Azimio la Modogashe la 2001 liliandika kanuni za zamani: anayetafuta malisho ya wengine aombe kwanza kupitia wazee, na anayeua alipe fidia, ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Eneo letu lina mfano wake. Mwaka 2011 jamii za Mlima Elgon zilifikia mapatano katika kituo cha mafunzo ya wakulima cha Mabanga, miaka mitatu baada ya jeshi kulivunja kundi lenye silaha la SLDF. Mapatano ya Mabanga yalihusu watu walio na mashamba, wanaolala mahali pamoja na kukutana sokoni. Katika nchi ya malisho, aliyekubaliana na jirani mwezi huu huenda mwezi ujao amehama, na aliyechukua nafasi yake hakuwepo kwenye kikao. Kinachoshikilia makubaliano hayo ni kuhama kwenyewe, watu kuonana visimani mwaka baada ya mwaka. Vijana wachache wenye bunduki wanapobaki fora peke yao, na wazee wamekaa Korr au Kargi karibu na zahanati, anayejua mipaka na anayeilinda si mtu yuleyule tena.

Njia hizo zinahitaji pia ardhi iliyo wazi, na kwa upande huo nitataja mambo machache tu. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, ulipewa ekari 150,000 katika nchi ya malisho ya Laisamis. Oktoba 2021 mahakama ya ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati zake zilipatikana kinyume cha utaratibu. Mafuta yalitangazwa Lokichar mwezi Machi 2012, katika kisima kilichopewa jina Ngamia-1. Na kando ya mito ya Turkana, kama ilivyo Baringo, mti wa mathenge ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa umeziba njia na malisho kwa miiba yake.

Takwimu za utalii nazo zinapotosha kwa namna ileile ya takwimu za ngamia. Wageni wa kimataifa waliporomoka kutoka milioni 2 mwaka 2019 hadi chini ya laki 6 mwaka 2020, kisha wakapanda hadi karibu milioni 2.4 mwaka 2024. Kwenye karatasi sekta imepona. Hoteli ya pwani iliyofungwa 2020 ilibaki na vyumba vyake, ikafunguliwa tena. Mwenye ngamia 20 wa mizigo aliyekosa wageni katika mwaka huo, na ukame ukamkuta katika mwaka uliofuata, hakuwa na njia ya kufunga mlango na kusubiri. Kwake kuuza madume ndiko kulikokuwa kujiokoa. Wageni wamerudi, lakini dume aliyechinjwa harudi pamoja nao.

Mwisho wa mwelekeo huu unaweza kuonekana mahali pengine. Morocco ni nchi iliyoifanya safari ya jangwani na Waberberi wahamaji kuwa bidhaa inayojulikana duniani kote. Merzouga, Zagora na M'Hamid huuza matembezi ya ngamia kwa kila aina ya mfuko. Sensa za nchi hiyo zilihesabu wahamaji karibu 70,000 mwaka 2004, na takriban 25,000 tu mwaka 2014. Ukame umewasukuma mijini, na katika bonde la Draa bwawa lililojengwa juu ya mto mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilikata maji yaliyokuwa yakifika ziwa la Iriki. Ngamia wa watalii wangalipo, tena wengi. Ila wengi hufugwa na watu waliokwisha kukaa, wanalishwa majani ya kununuliwa, na hutembea saa moja au mbili hadi kambi iliyojengwa tayari. Biashara imenusurika kwa kuachana na mhamaji. Mbio za Maralal zinaonyesha kwamba Kenya inaweza kufika hukohuko: siku chache za sherehe, ngamia akikimbia kuzunguka mji, bila haja ya kisima wala ruhusa ya mzee yeyote.

Ipo hoja ya upande wa pili na inastahili jibu la haki. Watoto wako shuleni, mama anauza maziwa, mgonjwa anafika hospitali kwa lami. Nani mwenye akili atake turudi nyuma ili mgeni kutoka Ulaya apate picha? Hakuna. Lakini kinachopotea hakikuwa cha mgeni. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia Garissa, kwa sababu gari halikuweza kuwafikia watoto wa wahamaji. Kliniki za kuhamahama zimebebeshwa ngamia Laikipia na Samburu kwa sababu hiyohiyo. Mito ya msimu ikifurika, barabara hukatika na bodaboda hukwama. Bei ya petroli ikipanda, maji ya kijiji hupanda nayo. Uwezo wa kupeleka kilo 150 za chochote mahali pasipo na barabara wala mafuta ni akiba ya nchi nzima ya kaskazini. Ada aliyolipa mtalii ilikuwa mojawapo ya vyanzo vichache vya fedha vilivyobaki vya kuitunza akiba hiyo.

Hatua zinazowezekana si za gharama kubwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu iongeze swali moja katika sensa ya 2029: kati ya ngamia wa kaya, wangapi wamefunzwa kubeba mizigo? Kaunti za Marsabit, Samburu, Turkana na Isiolo zikigawa majike, zitenge sehemu ya fedha hizo kuwalipa wazee wanaojua kazi wafundishe, na kuwalipa wafugaji wanaobakiza madume. Kampuni za safari zilipie mwaka, zisilipie siku. Na wanaosimamia hayo wajue muda walio nao: ndama dume atakayezaliwa msimu huu hatabeba mzigo kamili kabla ya miaka sita, na watu wanaojua kumfundisha wamekwisha kuwa wazee.